Siku Nilipowaita Watu wa Klore

Juzi nilipeleka barua ya kuomba kazi kwenye ofisi moja kule Himbi. Mlangoni mama mmoja alikuwa akiosha ngazi kwa maji ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu. Harufu ile iliponipanda puani nilishindwa kuingia. Nikakaa nje, juu ya mawe meusi, na barua yangu mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Ebola ilipofika Goma. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema ukiingia kwenye kituo cha matibabu unatolewa moyo, na jeneza lako linajazwa mawe. Kaka yangu Héritier alipopata pointi mbili kwa hesabu, alimwapia baba kwamba ile termometa ya kuelekezwa kwenye paji la uso ndiyo iliyomnyonya akili.

Basi Tantine Zawadi, dada mdogo wa baba, akarudi kutoka Butembo alikokwenda kuuza viatu. Alishuka na homa. Baba alikuwa mji wa Kiwanja akitafuta maharage, kwa hiyo Koko, bibi yetu mzaa baba, ndiye aliyeamua. Alimlaza chumba cha nyuma, akasema ni malaria.

“Mlango wa nyumba hauna mudomo,” alituambia. Tukaelewa: tusimwambie mtu.

Mimi nilipewa kazi ya kupeleka uji. Siku ya pili Tantine alinizuia mlangoni.

“Usiingie, mama. Weka hapo chini.” Alihema kwanza. “Enda uite bale batu ba klore. Usiseme ni mimi nilikutuma. Koko atasikia mubaya.”

Nikaenda. Walikuja na mavazi yao meupe, wakinyunyiza dawa, na Tantine akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Koko alipiga kelele uani: “Nani aliwaita?”

“Ni mimi,” nikasema.

Siku ya tatu kituoni Tantine alifariki. Baba aliitwa akaonyeshwa uso wake kabla ya maziko, na mawe hayakuwamo jenezani. Sisi tulichanjwa, tukapimwa joto kila asubuhi siku ishirini na moja, na hakuna mwingine aliyeugua. Lakini Koko hakuniita tena kwa jina. Watoto wa mtaani walinikimbia kwa sababu ya ugonjwa. Wa nyumbani walinikimbia kwa sababu ya mdomo wangu. Nilibaki kuongea na mbuzi wa jirani, naye alisikiliza pale tu nilipokuwa na maganda ya ndizi. Siri ya Tantine sikuitoa.

Mwaka jana, nikimsugua Koko miguu kwa mafuta, ndipo nilipomwambia. Hakushtuka.

“Nilisikia,” alisema. “Ukuta ni wa mbao. Nilikuona unatoka, nikanyamaza.”

“Sasa mbona ulinichukia, Koko?”

“Mutoto wangu alikuwa anakufa. Nilishindwa kuwaita. Nikashindwa na kukuzuia.”

Akaninyooshea mguu wa pili.

Utotoni niliona kwamba Koko alidanganywa na hadithi za mtaani. Sasa nadhani hakuziamini hata siku moja. Alizihitaji tu, maana kama kituo hakiui watu, basi ni ugonjwa wenyewe uliokuwa unamchukua mwanawe. Akamwacha mtoto wa miaka kumi na miwili afanye lile lililomshinda yeye, na baada ya hapo hakuweza kumtazama machoni.