Jeneza la Baba na Deni Nililoliacha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo moyo wangu umekataa kuizika. Ni siku niliyotembea kwa miguu kutoka Riruta hadi Kibera nikitafuta barua ya kuniingiza kwenye deni. Nilikuwa kijana bado, na baba yangu alikuwa amelazwa mochari kule Bungoma, akisubiri sisi wanawe tumzike.

Wakati huo nilikuwa seremala Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera, Nairobi. Karakana yangu ilikuwa kibanda cha mabati kando ya njia, katikati ya mama muuza dagaa wa omena na kanisa dogo ambalo waumini wake waliimba hata siku za kazi. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi, ambaye babu yake aliletwa pale na jeshi la wakoloni Kibera ikiwa msitu mtupu. Nilikuwa na randa, misumeno, patasi, na mashine ya kupasulia mbao niliyoinunua kwa kujinyima sana. Vitu hivyo ndivyo vilivyotulisha mimi na mke wangu Nafula.

Tulikuwa pia na akiba kidogo katika chama cha mafundi, lakini hiyo hatukuihesabu kuwa yetu. Ilikuwa karo ya Nekesa, dada yangu kitinda mimba, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba alinipigia simu, sauti yake imeshaanza kuchoka, akaniambia nisikubali huyo msichana akae nyumbani. Nikamwahidi. Kisha baba akafa, nami nikabaki na ahadi mkononi.

Mwanangu, sisi watu wa magharibi tunajua kulia wafu wetu. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Kilio ni heshima. Lakini kuna mahali kilio kinakwisha na maonyesho yanaanza, na mara nyingi mfiwa ndiye wa mwisho kupaona.

Tulikutana Kawangware, karibu na kituo cha basi kiitwacho 46, nyumbani kwa baba mdogo Makokha, kupanga mazishi. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mzee wa kanisa, mtu ambaye neno lake halikurudishwa. Alitaka jeneza lenye dirisha la kioo. Alitaka basi la kukodi kutoka Nairobi, hema, vipaza sauti, mafahali wawili, na wapishi wa kulipwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kapu la mchango likazunguka, likarudi jepesi. Hapo macho yote yakanigeukia mimi, mtoto wa kwanza. Nikasikia mdomo wangu ukisema nitatafuta.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa mimi nilikuwa nataka kukopa nikiwa matangani tayari. Sijui nilidhani kulipa kungekuwa nini.

Kesho yake nikaenda Riruta kwa mkopeshaji, mmoja wa wale tunaowaita mashailoki. Alinipokea vizuri. Alinipa pole, akaniletea soda, akaniuliza baba alikuwa na umri gani. Ukiona mtu anakufariji huku akikadiria mali yako, mwanangu, inuka uende. Mimi sikuinuka. Akaniambia pesa zipo, riba ni ya kila wiki, na dhamana itakuwa vyombo vyangu vya kazi vyote pamoja na mashine. Alitaka kitu kimoja tu: barua ya mwenye kibanda, kwamba vyombo ni vyangu na kwamba nikishindwa kulipa hatamzuia mkopeshaji kuja kuvichukua.

Ndiyo barua niliyoifuata Kibera.

Nilimkuta Mzee Ramadhani ameketi barazani kwake, ametoka kuswali alasiri. Nikamweleza yote. Akanipa pole, akamwombea baba rehema, akaingiza mkono mfukoni. Nilidhani anatafuta kalamu.

"Barua nitakuandikia, Wafula," akasema. "Mali ni yako, siwezi kukuzuilia. Lakini nijibu kwanza. Baba yako aliugua muda gani?"

Nikamwambia aliugua tangu mavuno hadi mvua zikarudi. Ilikuwa figo.

"Hospitali kubwa mlimpeleka?"

Nikamwambia hapana. Daktari wa pale alisema apelekwe Eldoret, lakini pesa hazikuwepo.

"Ulikwenda Riruta kukopa?"

Mzee hakuinua sauti. Alizungumza kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

"Alipokuwa mgonjwa hukukopa. Amekufa, sasa unakopa. Unamkopea nani?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa na polisi. Nimewahi kuangukiwa na gogo mguuni. Sijapata kuumia kama nilivyoumia pale barazani. Kwa sababu ilikuwa kweli. Wale wote walioitikia kwa vichwa Kawangware, nami nikiwa mmoja wao, hatukuwa tumekutana hata siku moja kumchangia baba akiwa hai. Nililia mbele ya yule mzee, naye akaniacha nilie. Nilipotulia akaniambia kwamba wao Waislamu wakifiwa, mara nyingi jua halizami kabla maiti hajazikwa, amevikwa sanda nyeupe ya bei ya chini, tajiri na maskini sawa, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Halafu akaniambia niende nikaongee na mke wangu, na kama bado ningeitaka barua, nirudi.

Nafula alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu: mashine ikichukuliwa, Nekesa atasomeshwa na nani? Sikurudi kuifuata barua.

Badala yake nilishusha mbao za mkangazi nilizokuwa nimeziweka juu ya dari ya karakana, mbao nzuri nilizokusudia kutengenezea kabati la nyumba yangu. Nikazipima kwa urefu wa baba. Unafikiri unamjua baba yako, mpaka siku unapompimia jeneza. Nilikumbuka kwamba alikuwa na mabega mapana, nikaongeza upana kidogo ili asibanwe. Niliranda, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mafundi wenzangu walikuja mmoja mmoja bila kuitwa. Mwingine akashika ubao, mwingine akaleta vishikio. Ndio pia waliochanga mafuta ya pikapu iliyotupeleka nyumbani Bungoma.

Baba mdogo Makokha alifika na watu wake, akalitazama jeneza, akanivuta kando. Hakuongea kwa ukali, na hilo liliniuma zaidi.

"Umetuvua nguo," akasema. "Na tena mtoto hamchongei baba yake jeneza. Ni mkosi."

Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, akasikia. Akainuka polepole, akapitisha kiganja chake juu ya ule ubao, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mimi nimeolewa hapa tangu msichana," akasema, "na mkosi huo ndio kwanza ninausikia leo. Marehemu alikuwa akiniuliza kila mara kama huyu mtoto ni fundi kweli au anabeba tu mbao za watu. Leo amejibiwa."

Tukamzika. Watu walikula ugali, maharagwe na nyama ya dume moja lililokuwa zizini mwake mwenyewe. Hawakushiba sana, lakini waliimba vizuri.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Wako waliocheka. Baba mdogo hakunisemesha miaka mingi, na alifariki kabla hatujapatana. Nilikwenda kumzika hata hivyo, na hadi leo jambo hilo ni mwiba. Uamuzi wa busara nao una bei yake, mwanangu. Asikwambie mtu kwamba ni wa bure.

Lakini Nekesa alisoma, akawa muuguzi. Mimi na Nafula tulianza kuweka akiba nyingine, ndogo ndogo, haba na haba, tukaipa kazi moja: walio hai. Mama alipougua, sikuitisha mkutano. Nilimpeleka hospitali siku ileile, na tukaishi naye miaka mingine mingi, akilalamika kwamba chai ya Nairobi ina maji mengi. Malalamiko yale yalikuwa matamu kwangu kuliko vipaza sauti vyote vya matanga.

Siku hizi karakana yangu iko huku Kawangware, na nawasikia ninyi vijana mnaopita hapa mkizungumza. Ninyi hamtembei hadi Riruta. Mkopeshaji mnalala naye chini ya mto. Unabonyeza simu, pesa zinaingia, unanunua viatu vya kuonekana navyo, au unaziweka kwenye mpira kubahatisha. Kisha unabonyeza tena mahali pengine ili ulipe pale pa kwanza. Wala hakuna mzee wa kukuuliza swali kabla hujabonyeza.

Basi acha mimi nikuulize. Kabla hujakopa, jua unamkopea nani. Kama ni cherehani itakayoshona, au mgonjwa anayepumua, kopa, lakini kwa kipimo, na ulipe, kwa maana dawa ya deni ni kulipa. Kama ni macho ya watu, acha. Macho ya watu hayashibi, wala hayaji kukusaidia kulipa. Usiweke rehani chombo kinachokulisha. Weka akiba hata ikiwa ndogo ya kuonea haya, na uipe jina la mtu umpendaye, ili mkono wako usite kuigusa. Na wazazi wako, kama bado unao, watunze wakiwa wanaweza kukushukuru.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, na mikono hiyo isikose kazi. Akulinde na aibu ya kukimbia wadai na aibu kubwa zaidi ya kuchelewa kuwafaa watu wako. Utakachoweka usiku ukikute asubuhi. Nenda salama, mwanangu.