Mjomba aliyeanguka makusudi ili asamehewe kazi ya Mjerumani

Wakuu, hodi humu ndani.

Kule kwenye uzi wa wazee na matibabu ya bure naona mnatoana macho. Kuna wanaosema mzee ni mzee, asamehewe. Kuna wanaouliza mbona wengine wana nyumba za kupangisha na bado wapo foleni ya wasiojiweza.

Nikakumbuka ya kwetu. Yalitokea enzi za Mjerumani, juu milimani Uluguru, upande wa Mgeta. Nilisimuliwa na bibi mzaa mama, Bibi Theresia, aliyekuwa binti wakati huo na aliyeyaona kwa macho yake.

Sijaongeza chumvi. Kama ipo ni ya bibi, na yeye hakuwahi kumuomba mtu radhi.

Twende.

Mjerumani alitaka barabara ipande mlimani, kila kijiji kitoe watu wa kuichimba. Msimamizi alikuwa akida, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali yao atutawale. Kanzu nyeupe, sauti kubwa, na kila akipanda mlima wetu anahema kuliko punda.

Wazee wakalalamika kwamba wamechoka.

Akida akasema sawa, mzee asiyejiweza atasamehewa. Ila idadi ya watu haipungui. Akisamehewa mzee, kijana wa ukoo wake anaziba pengo.

Hapo ndipo mchuzi ulipomwagika.

Maana atajuaje nani hajiwezi? Akatunga mtihani. Kila mzee abebe kikapu cha mawe kutoka mtoni hadi mlango wa kanisa la misheni. Ukishindwa, nenda kapumzike.

Wakuu, siku hiyo kijiji kizima kiliugua! Wazee waliokuwa wanafukuza nyani shambani juzi tu wakaja na fimbo mbili mbili. Mmoja alikuwa anachechemea mguu wa kulia, akasahau, akarudi anachechemea wa kushoto.

Bingwa wao alikuwa Mponda, mjomba wake bibi. Na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuchezea. Ukoo na ardhi vinapita kwa mama, kwa hiyo mjomba ndiye bosi. Huyu alikuwa na migomba, mbuzi, na mke mpya anaitwa Zaina.

Mponda alibeba kikapu kidogo tu, akapiga yowe, chali! Jicho moja limefumba, jingine linachungulia kama akida ameona.

Akasamehewa. Pengo lake akaziba Aloisi, kaka yake bibi, ambaye tayari alikuwa na zamu yake mwenyewe.

Sasa kulikuwa na Mzee Kobelo. Huyu alikuwa mgonjwa kweli, kifua kinapiga filimbi. Hana mbuzi, hana mpwa. Alichobaki nacho ni kiburi cha mtu aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara.

"Mimi nishindwe na kikapu mbele ya watoto?"

Akapanda hadi mlango wa kanisa. Akida akasema, "Huyu mzima. Barabarani."

Mwongo kitandani, mkweli kapewa sururu. Mtihani umekwisha.

Vijana walikasirika, lakini nani amwambie mjomba kuwa ni mwongo? Hiyo ni kujitafutia laana. Wakaenda kwa watani. Si mnajua, mtani anakutukana hata msibani na huna pa kumshtaki.

Asubuhi watani wakafika kwa Mponda na machela.

"Shikamoo babu! Tumesikia miguu yako imekufa. Sisi ndio miguu yako kuanzia leo."

Wakampakia. Shambani machela, kilabuni machela, chooni machela. Akitaka kushuka wanapiga kelele, "Jamani babu asikanyage, akida ataona!"

Na hiyo ndiyo kamba iliyomfunga. Akionekana anatembea ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, matakoni, mbele za watu.

Kikao cha ukoo wakamwacha nje: mgonjwa asisumbuliwe. Ndizi zake wakamvunia na kumsaidia kuzila. Mtani mmoja akamuuliza Zaina kwa sauti, "Bibi, babu kashindwa mlima huu, ule mwingine anaupandaje?"

Zaina akajibu, "Mlima gani? Huyo hata bondeni anateleza."

Watu hoi.

Kicheko kilikatika mchana mmoja. Kobelo alikuwa barabarani, kwenye kona ya juu ya mto, jiwe mkononi. Yeye hakupiga yowe. Alikaa chini taratibu kama mtu anayetaka kutoa mwiba, kisha akalala.

Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Watani walikuwa wanapita hapo na Mponda wao, wanampeleka kilabuni. Aloisi akawasimamisha. Akasema bila utani wowote:

"Mjomba, shuka. Tunaitaka machela."

Akida alikuwa amesimama palepale na askari mwenye kiboko. Mponda akamtazama akida. Akamtazama Kobelo.

Akashuka.

Akamwinua Kobelo yeye mwenyewe, akamlaza, akashika mti wa mbele, wakaanza kupanda misheni. Bibi alisema mzee yule alipanda kama mbuzi.

"Wewe! Si hujiwezi wewe?" akida akapaza sauti nyuma yao.

"Nimepona."

Akida na askari wakamfuata hadi uwanja wa kanisa. Kiboko kilikuwa kimeshainuliwa, ndipo Zaina, ambaye ni Mwislamu wa kuzaliwa, akajitupa miguuni pa padre.

"Baba, muujiza! Mume wangu alikuwa kiwete, leo anatembea!"

Padre akatazama mbingu, akaagiza kengele igongwe. Akida akaashiria kiboko kishushwe. Atamchapaje mtu aliyeponywa na Mungu wa Wajerumani wenyewe?

Kesho yake Mponda alikwenda barabarani kwenye zamu yake na ya Kobelo, na Aloisi akabaki na yake tu. Tangu hapo ukoo ukawa unakaa wenyewe kuamua mzee gani apumzike, kabla akida hajaleta vikapu vyake.

Somo nililopata: mzee asiyejiweza, jirani anamjua. Mtihani wa kujidhalilisha unampitisha asiye na aibu, na mwenye heshima zake unamwua. Na bili ya huyo mwongo analipa kijana, halafu mnashangaa vijana hawawaamkii wazee.

Kobelo alipona kidogo, akawa anakaa mlangoni anaota jua. Walipomwambia kwamba Mponda anachimba badala yake, akasonya.

"Mwambieni asiiharibu barabara yangu."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe ungempimaje mzee bila kumwangusha? Na wajomba mliomo humu, msijifanye mnasinzia.