Makro Iliyosubiri "Ila"

Kwetu Newala ukiulizwa habari unajibu salama kwanza, hata kama nyumba inaungua. Namkumbuka jirani aliyekuja kututangazia msiba. Aliketi, akapumua, akasema watoto salama, mikorosho salama, mbuzi naye kazaa salama, ila bibi ametutoka. Hakuna aliyemshangaa. Aliyekulia kwetu anaisubiri hiyo "ila", maana habari yenyewe inakaa nyuma yake.

Baba alikuwa mwendesha pampu bondeni, kwenye kisima kinachopandisha maji hadi mjini. Miaka ile ya soko huria kila mahali watu walikuwa wanapunguzwa kazini, na ofisi ya maji ilipata meneja mpya kutoka Dar es Salaam, mtu wa haraka. Alileta kompyuta, swichi ya pampu ikahamishiwa ofisini juu, na Baba akabaki wa kutazama na kutoa taarifa kila asubuhi kwa simu ya upepo. "Habari za huko?" "Salama." Kisha ofisi inakata. Asubuhi moja Baba alisema salama, wakakata kama kawaida, na "ila" yake ikabaki bondeni. Alitaka kusema kwamba kipimo kinaonyesha kisima kimejaa, wakati yeye kwa macho yake anaona tope. Aliita tena na tena, hakuna aliyepokea. Pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua.

Mji ulikauka. Kina mama wakarudia kushuka korongoni na ndoo. Baba akaambiwa akae nyumbani wakati ofisi inaamua kama imfukuze kwa uzembe, mtu ambaye alikaribia kustaafu kwa heshima zake. "Si umesema salama mwenyewe?" meneja alimuuliza. Na kweli alikuwa amesema.

Mimi wakati huo nilikuwa Masasi, nafundisha hesabu sekondari huku elimu yangu ya kompyuta ikiota kutu. Habari iliponifikia nilipanda basi nikiwa nimefura, na nilikwenda ofisini kabla hata ya kumsalimia mama. Shikamoo niliitoa kwa kubana meno. Nikasema nataka kuiona hiyo programu iliyochoma pampu.

Meneja yule angeweza kunitoa nje, na wala nisingemlaumu. Badala yake alinivutia kiti. "Kaa, binti. Kampuni iliyotuwekea hii mashine imeshafungwa. Mimi sijui hata inapoanzia." Namshukuru mpaka leo kwa kile kiti.

Programu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na ilikuwa safi, aliyeiandika alijua kazi. Kipande kimoja kinasoma kipimo cha kisima, kingine kinafungua valvu, kingine kinawasha mota. Kila kipande kikimaliza kinarudisha namba: sifuri ni salama, namba nyingine yoyote ni hitilafu. Tatizo ni kwamba hakuna mahali ambapo namba hiyo ilitazamwa. Kipimo kilipokwama kilipiga kelele kwa lugha yake, programu ikapita, ikashika kiwango cha maji cha zamani kilichokuwa bado kwenye kumbukumbu, ikaendelea kusukuma. Nilicheka peke yangu.

"Kuna nini?" meneja akauliza.

"Programu yako nayo inakata simu."

Alinuna, kisha akacheka kidogo. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kupoa.

Ningeweza kuandika ukaguzi kila mahali, lakini programu ingegeuka kichaka. Nikatengeneza makro. Makro ni neno fupi unalolipa maana pale juu ya faili, na kabla programu haijatafsiriwa kwa lugha ya mashine, kila linapotokea linabadilishwa na maandishi marefu yaliyo nyuma yake. Uzuri wake, makro inakaa palepale kwenye tatizo, kwa hiyo inajua iko mstari gani na imekiita kipande gani. Yangu iliita kipande, ikasubiri jibu lake, na jibu lisipokuwa sifuri ikazima pampu na kutaja kwenye skrini nani amekwama na wapi. Niliiita ILA. Nani mwingine alinifundisha kusubiri, kama si Baba, aliyekuwa akinyamaza baada ya salama yangu kila nilipotoka shule, mpaka niseme lililonisibu?

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Nilisahau kuyafunga maandishi ya makro ndani ya mabano, kipande kikachomoka, programu ikagoma hata kwenye vipande vilivyorudisha sifuri. Nikarekebisha. Pampu ilikwisha kufungwa mota nyingine, tukawasha. Ikazimika papo hapo, na kwenye skrini pakatokea: ILA, soma_kipimo, pamoja na mstari wake.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. "Mzee alitaka kuniambia hiki?"

"Hicho hicho."

Akachukua simu ya upepo, akamwita fundi wa muda aliyewekwa bondeni badala ya Baba, akamwambia akague waya wa kipimo.

"Umetafunwa na panya, bosi. Mzee ameshauona, tunaufunga sasa. Tulitaka kusema asubuhi, mkakata."

"Mzee gani?"

"Mwenyewe. Si anashuka kila siku kunielekeza?"

Mama alikuwa ameniandikia kwamba Baba anaondoka na jembe kila alfajiri, na wote tuliamini anakwenda shamba. Meneja akaomba apewe mzee azungumze naye.

"Shikamoo, mzee." Makarani waligeuka, hawakuwahi kumsikia akiamkia mtu kwenye simu ile.

"Marahaba, baba."

"Mzee, nimekukosea. Naomba urudi kazini."

Simu ilikoroma. Safari hii hakuna aliyeikata.

"Nashukuru, baba," Baba akasema. "Ila mimi sikuondoka. Hao watu wangekunywa nini?"