Nyuzi Nane kwa Mpigo

Vuai alikuwa mtu wa kusema kesho. Telegramu ya msiba wa mama yake ilifika Saltley, mtaa wao wa ughaibuni, Jumatatu, na hadi Jumatano hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini.

"Baba Mize," mkewe Shemsa alimkabili mlangoni, "hitima leo, baada ya adhuhuri. Usipokuwepo wewe uliyefiwa, mimi nitawaambia nini watu? Utaomba ruhusa, au nije niombe mwenyewe?"

"N'taomba."

Hakuomba. Alivaa koti la kazi akasimama penye mashine yake katika makumbusho ya mjini, kama alivyosimama tangu kiwanda cha misumari kilipompunguza, mwaka 1971. Ulikuwa mfano wa mashine ya kusokotea nyuzi, ya miaka mia mbili nyuma. Wanafunzi walipoingia alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, akavuta kibao kwa wa kushoto, na nyuzi nane zikajisokota kwa mpigo. Kabla ya hapo, msokotaji alitoa uzi mmoja tu. Mwilini hakusikia kitu, si uchungu wala njaa.

Msimamizi wake Kamlesh, aliyehamia kutoka Nairobi, alimpa konzi ya pamba. "Bwana Vuai, waonyeshe na kusokota kwa mkono."

Vuai aliitia pamba baina ya viganja akaisugua, kama mama yake kule Makunduchi alivyosokota usumba wa nazi kuwa kamba. Ikakatika. Akasugua tena, ikakatika. Usumba ni mrefu, hushikana wenyewe. Pamba ni fupi, lazima uivute huku unaisokota, na hiyo ndiyo kazi ya kile kibao. Alilijua hilo. Viganja ndivyo visivyojua. Watoto wakacheka.

"Ala! Nani alikufundisha hivyo?" Kamlesh naye alicheka.

"Mama."

"Basi mwambie amekudanganya!"

"Amekufa," Vuai alisema. "Wanamsomea hitima leo. Nyumbani kwangu."

Kicheko kikamkauka Kamlesh. "Leo? Na wewe uko hapa?" Akamvua koti kama anayemvua mtoto, akashika mpini mwenyewe. "Nenda, ndugu yangu. Nenda."

Vuai aliposhuka ngazi, gurudumu lilikuwa limeanza tena kulia.

Shemsa alimwona mlangoni, akasogeza viatu vya wageni apate pa kuvulia vyake. Vuai akaketi kati ya wanaume, akanyoosha mkono kupokea juzuu, akakuta bado ameshika pamba. Akaitia mfukoni, akaanza kusoma.