Bunduki Nyepesi ya Shemeji Mbaruku

Shemeji yangu Mbaruku alimwoa dada yangu Sikuzani nikiwa bado na meno ya utotoni, kwa hiyo nimemtania tangu nilipojua kusema. Nilimpenda, hilo nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Lakini mtu akipita mlangoni pako kila siku na gobore refu kuliko yeye mwenyewe, anahema na jasho linamtiririka, na porini hajafika, utanyamaza?

Gobore lile alirithi kwa baba yake, na lilikuwa zito kama mchi wa kinu. Uzito huo ndio uliomletea aibu. Sisi watu wa Naipingo nyama ya porini hatuli mpaka mnyama akutwe hai na achinjwe kwa jina la Mungu. Akikata roho kabla ya kisu ni mzoga, na mzoga ni wa fisi. Ndiyo maana mwindaji anatakiwa awe na shabaha, na awe na mbio. Shabaha Mbaruku alikuwa nayo. Mbio zilimuaga siku nyingi, nadhani mwaka ule alioanza kuota kitambi.

Mwaka wa hamsini na moja alipeleka nyama kwenye hitima huko Likunja. Masinia yameshatandazwa, watu wameshanawa, Mwalimu Salimu anayetusomeshea watoto Kurani akauliza kama ilivyo kawaida yake, "Mbaruku, ulimkuta hai?"

Mwanamume mwingine angesema ndiyo, watu wakala. Shemeji akakuna kichwa.

"Nilimwona kama anatikisa sikio, Mwalimu. Labda ulikuwa upepo."

Watu sitini wakarudisha mikono. Toka siku hiyo hakuna nyumba iliyopokea nyama yake, na vijana wakikutana naye njiani walimwuliza kama kuna upepo. Mimi pia nilimwuliza. Siku moja nikamwona hajacheka, ameinamisha uso tu anapita, nikaacha.

Mwaka uliofuata Fatu, binti yake wa pekee, akachumbiwa na watu wa Mandawa. Dada akasema watachinja mbuzi. Mbaruku akawaka.

"Mwanangu aolewe kwa mbuzi, baba yake mwindaji? Watakula nyama ya pongo niliyempiga mimi. Na wakiikataa na hii, bunduki naitundika, nakaa na nyinyi wanawake barazani kubangua karanga."

Hatukumtaka barazani. Anakula nyingi kuliko anazobangua.

Akaenda Nachingwea kwa Kornel, fundi aliyekuwa akitengeneza matrekta ya mradi wa karanga. Mradi ulikuwa unafungasha virago, na Kornel alibaki na ujuzi mwingi na vyuma vingi. Akalivua lile gobore kila kilichokuwa kizito, akaliwekea mtutu mwembamba na kitako cha mti mwepesi. Liliporudi, dada alilinyanyua kwa mkono mmoja akauliza kama ni la kusongea ugali.

Sasa ikabaki kulijaribu. Waliamua kulijaribia shambani kwangu, na shabaha ikawa maboga yangu. Hawakuniomba. Nilipofika nilikuta matano yamepangwa mstarini, hatua arobaini kutoka kwenye mkorosho wangu, na Mbaruku ameuegemea mkorosho huo kwa mgongo, ametulia kabisa.

"Shemeji, maboga yamekukosea nini?"

"Nyamaza, Biasha. Hapa kuna hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Alikuwa amefunga baruti kwenye vitambaa vidogo vitano, kila kimoja na kipimo chake: chenye kifundo kimoja kina baruti kidogo, chenye vifundo vitano kina nyingi. Alikuwa anatafuta kipimo cha kumlaza mnyama bila kumuua. Boga likipasuka, huyo ni mzoga. Risasi isipoingia, huyo amekimbia. Boga likitoboka na kubaki zima, huyo ndiye amelala chini anamsubiri Mbaruku na kisu.

Akashindilia kitambaa cha kifundo kimoja, akaweka fataki, akafyatua. Risasi, kipande cha chuma tu, ikatoka, ikaanguka katikati ya njia. Boga halikujua kama limepigwa. Kitambaa cha pili kilikwaruza ganda. Cha tatu kikaingia vizuri, boga likabaki zima, na Mbaruku akaitupa bunduki mgongoni, akachomoa kisu, akatimua mbio huku Kornel akihesabu kwa sauti. Walikubaliana kwamba boga litakata roho kwenye thelathini.

Alifika kwenye ishirini na sita. Akaligeuza likaelekea kibla, akasoma bismillahi, akalikata. Kornel, Mkristo wa watu, akavua kofia.

"Mzee Mbaruku, huyo umemwahi."

Angeishia hapo. Lakini hakuna mwanamume anayeweza kuona vitambaa viwili vimebaki akaviacha. Cha nne kiligeuza boga kuwa uji. Cha tano kilipiga kote kuwili: boga hatukuliona tena, na bunduki ikampiga Mbaruku bega mpaka korosho zikadondoka kutoka mtini. Yeye akabaki amesimama, maana mkorosho ulimshika. Wakakata shauri ni vifundo vitatu. Wiki nzima tulikula maboga, na moja kati ya hayo lilikuwa limechinjwa kihalali.

Siku tatu kabla ya harusi alikuja kulala kwenye dungu langu, kile kichanja ninachokalia kulinda kunde. Pongo mmoja dume alikuwa ananimalizia majani kila alfajiri. Mimi nilikaa chini, kando ya moto, na kisu changu cha kukatia mboga.

Kulipopambazuka akaja. Mbaruku akasimama juu ya dungu, akavuta pumzi, akafyatua. Pongo akaanguka ubavu, miguu inarusharusha. Kipimo kilikuwa sawasawa. Na Mbaruku naye akaanguka, kinyumenyume, kutoka juu ya dungu mpaka kwenye kunde, puu! Bunduki tulikuwa tumeipima, baruti tumeipima, tukasahau kwamba siku ya majaribio alikuwa ameegemea mti.

"Bismillahi!" akaanza kupiga kelele, amelala chali. "Bismillahi! Mguu! Biasha, mguu wangu!"

Nikamtazama yeye, nikamtazama pongo. Kwetu mwanamke hachinji. Hata kuku, unamshika unakaa naye njiani mpaka apite mwanamume, na kuku wangu wameshanisubirisha sana. Lakini macho ya pongo yalianza kufifia, nikamkumbuka shemeji anavyopita njiani ameinamisha uso. Nikakimbia. Nikamgeuza kibla, nikasoma bismillahi mara tatu maana moja niliiona ndogo, nikakata. Damu ikaruka hadi kwenye kanga yangu.

"Amekufa?" Mbaruku akaita.

"Amechinjwa."

"Nani kamchinja?"

"Hakujichinja mwenyewe, shemeji."

Nilipokwenda kumwinua nikamwambia, "Sema umechinja wewe. Mimi sitafungua mdomo." Na Mungu anajua ahadi hiyo kwangu ilikuwa nzito. Akaniomba fimbo tu.

Siku ya harusi masinia yakatandazwa, watu wa Mandawa wamekaa mbele. Mwalimu Salimu akainua uso. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko.

"Mbaruku, ulimkuta hai?"

Shemeji akasimama, ameegemea fimbo.

"Mimi sikumkuta, Mwalimu. Nilianguka. Aliyemkuta hai akamchinja ni huyu shemeji yangu Biasha. Alisoma bismillahi mara tatu, nilimsikia nikiwa chini."

Nikaona wali wote ule unakwenda kwa kuku. Mzee mmoja wa Mandawa akasukuma sinia kidogo.

"Mara tatu?" akauliza Mwalimu.

"Tatu, Mwalimu."

"Wewe ukipata pumzi huwa unasoma ngapi?"

"Moja. Na huwa siimalizi."

Mwalimu akacheka mpaka kofia ikamsogea. "Vitabu havimkatazi mwanamke kuchinja. Ni nyinyi tu na mazoea yenu." Akatia mkono kwenye sinia, akala wa kwanza. Yule mzee wa Mandawa akalivuta sinia lake kwa mikono miwili.

Baadaye, nikiwa jikoni na masizi mpaka puani, Mbaruku akaja anachechemea na bakuli. Ndani mlikuwa na kidari, nyama ambayo mwindaji wa kwetu hujiwekea mwenyewe na hampi mtu, hata mkewe.

"Kula," akasema. "Hii ni ya mwindaji."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi mno siku ile, hata kumtania nikashindwa.