Binti Mfalme Mchambua Karafuu

Msimu wa karafuu uliopita nilianza kuwasimulia watoto habari za mabinti wa wafalme, na sababu yake haikuwa kubwa. Walikuwa wakisinzia.

Kuchambua karafuu si kazi ngumu ila inachosha kwa namna yake. Wachumaji wanarudi kutoka mashambani alasiri na magunia yao, karafuu bado ziko kwenye vishada. Kila kishada lazima kitiwe kiganjani, kibanwe, kizungushwe, mpaka punje zianguke upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, yatupwe upande ule. Zikiachwa zilale hivyo hivyo zinavunda, na karafuu iliyovunda haina mwenyewe. Kwa hiyo nyumba nzima inakaa chini, na majirani nao wanakuja kusaidia, maana leo kwako kesho kwangu. Kwetu Mgogoni, hapa Pemba, tunakaa ukumbini kwa bibi yangu, tumelizunguka jamvi. Jua likianza kushuka mikono imeshakuwa myeusi na inanata, watoto wanapiga miayo, na vishada vinatupwa kwenye makonyo na punje zake. Bibi akiona hivyo anawaka.

"Hebu wewe uliyesoma," aliniambia siku moja, "waambie hawa chochote wafumbue macho."

Kusoma kwenyewe niliishia kidato cha pili. Mtihani ulinikataa, nikakaa nyumbani, nikajifunza cherehani. Lakini kusoma vitabu sikuacha. Siku zile nilikuwa na kitabu nilichoazimwa na mwalimu wa skuli yetu, kimetoka kwenye sanduku la vitabu vya hadithi walilopewa. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilihusu mtoto wa kike wa nchi moja ya baridi, tangu akiwa mdogo kwao, kabla hajawa malkia: anavyoamshwa, anavyovalishwa, anavyofundishwa kukaa kitako. Nilikipenda mno. Nikishona nilikuwa nakiwaza, na mara mbili tatu niliweka mkono wa kanzu mahali pa shingo.

Kukisoma pale jamvini haikuwezekana, mikono ile ingekimaliza. Nikawa nasimulia kwa kichwa huku nachambua.

"Alikuwa na vijakazi wa kumvisha viatu," nikasema.

"Ana ugonjwa?" akauliza binamu yangu, mtoto wa ami yangu, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa.

"Hana ugonjwa. Ni binti mfalme."

"Na mama yake?"

"Mama yake yupo, lakini anamwona kwa miadi. Anapelekwa jioni, anamwinamia, anaondoka."

"Maskini we!" Bibi akatia neno bila ya kunyanyua kichwa. "Mama kama daktari!"

Watoto wakacheka, na usingizi ukakimbia. Siku ya pili wakaja mapema bila kuitwa. Walikuwa wanamhurumia yule binti mfalme mpaka inapendeza. Hajui kufunga kanga, hajapata kula embe mbichi na pilipili, hana hata shoga mmoja. Binamu yangu akasema akimpata atamleta Mgogoni wiki moja tu anenepe.

Katika watoto hao kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa akicheka sana. Ni binti wa jirani yetu wa pili, alikuwa darasa la tano. Mama yake alikuwa amejifungua mapacha wa kiume mwezi mmoja kabla ya msimu, na tangu siku hiyo jina la nyumba nzima likabadilika: baba mapacha, mama mapacha, naye akawa dada wa mapacha. Alikuwa anakuja na mtoto mmoja mgongoni, anachambua huku anamtikisa. Yeye hakuwa mtu wa maskhara, alikuwa mtu wa kuuliza. Baridi ya huko inatoka wapi? Mfalme akifa bila ya mtoto inakuwaje? Aliyeandika kitabu amejuaje alichosema malkia akiwa mdogo, na yeye hakuwepo? Hilo la mwisho lilinishinda mpaka nikamwambia achambue.

Baba yake ni mchumaji hodari, anapanda mpaka vitawi vya juu wanavyoviogopa wenziwe. Alasiri moja aliteremsha gunia lake pale ukumbini, akamwamkia bibi, wakazungumza habari za mapacha na mama yao. Mama mapacha alipoteza damu nyingi na nguvu zilikuwa hazijarudi, akisimama kidogo anaona kizunguzungu.

"Skuli zikifunguliwa, huyu dada mtu atakaa nyumbani kwanza," baba mapacha akasema. "Mpaka wale watambae."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeitaja mvua. Mtoto mwenyewe alikuwepo pale pale, akazidi kuzungusha kishada ambacho hakikuwa na punje tena.

Alipoondoka bibi akaniambia, "Wakishatambaa watasimama, wakishasimama watakimbilia kisimani. Skuli ya mtoto wa kike ikikatwa haiungwi." Nilijua anasema kweli. Mie mwenyewe nilikuwa na mashoga waliokaa nyumbani "kwanza", na leo wana watoto wakubwa.

Nilihuzunika usiku kucha. Lakini nitamwambia nini baba wa watu? Mama ni mgonjwa kweli, watoto ni wawili kweli.

Kitabu kikaisha, yule binti akavishwa taji, na karafuu bado zinakuja. Binamu yangu akadai mwingine.

"Na huyu awe wa kwetu," akasema. "Tumechoka na barafu."

Bibi akasema wa kwetu walikuwepo, wazee wake walikuwa wakisema Pemba imepata kutawaliwa na wanawake zamani, kabla ya Waarabu wa juzi. Majina hakuyajua, wala walivyokuwa utotoni. Basi hapo moyo wangu ukaruka. Mtoto wa kike, wa kisiwa hiki hiki, na utoto wake haukuandikwa na mtu. Nikamtunga. Nilimtunga nikiwa nashona, nikiwa napika, nikiwa naosha vyombo, na jioni nikamleta jamvini.

Nilimpa nyumba ya mawe, na mama mkali, na nywele nyingi. Nikampa amri kwamba binti mfalme hagusi kazi. Lakini yeye anapenda watu, kwa hiyo kila alasiri anatoroka, anakaa jamvini na vijakazi wa nyumba, anachambua karafuu nao, mpaka mikono inakuwa myeusi, anaificha kwenye ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Watoto walipendezwa na hilo la mikono. Binamu yangu akanyoosha yake akaitazama kwa heshima.

Siku ya tatu nikafika penye utamu. Baba mapacha alikuwepo, ameteremsha gunia, na kwa mara ya kwanza hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni akanywa maji polepole, nikajua anasikiliza. Nikazidisha.

"Basi siku hiyo akatoroka mbali zaidi, mpaka shambani kwa baba yake. Akaukuta mkarafuu mrefu kuliko yote. Wachumaji wanauogopa. Yeye akajifunga ukaya kiunoni, akapanda mpaka kitawi cha mwisho. Na kutoka huko juu akawaona maadui wanapita kwenye mikoko, wanakuja mjini kimya kimya, na hakuna aliyewaona isipokuwa yeye."

"Mashallah!" akasema baba mapacha. "Huyo ni mchumaji."

"Dada," akaniita dada wa mapacha. "Wakati huo karafuu zilikuwa hazijaja."

Sote tukamtazama.

"Hazijaja kutoka wapi?" akauliza binamu yangu. "Weye umeamka kweli?"

"Zimeletwa. Wafalme hao wa bibi ni wa zamani sana. Karafuu zimeletwa na masultani, baadaye kabisa. Mwalimu katufundisha. Kabla ya hapo hapa Pemba kulikuwa hakuna hata mti mmoja."

Baba yake akaweka kikombe chini. "Umesema nini wewe? Ule mkarafuu wa babu yangu kule bondeni, nani kauleta? Ule ni wa tangu dunia."

"Wa babu ni wa zamani, baba. Lakini si wa zamani hiyo."

Bibi alikuwa ameacha kuchambua. Yeye amezaliwa kwenye harufu ya karafuu, akaolewa kwenye harufu hiyo, na watoto wake wote wamejifunza kutembea juu ya majamvi ya kuanikia. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka.

"Pemba bila karafuu! Lo! Walikuwa wanafanya nini hao watu alasiri? Wanatazamana?"

"Kilimo cha mpunga, na uvuvi, na biashara," mtoto akajibu.

"Na nchi ikinuka nini?"

Akafikiri. Mtoto mgongoni alikuwa anamvuta ushungi. "Hilo sijui, bibi. Hatujafika bado."

Lile "bado" lilinichoma. Nikamwangalia baba yake. Alikuwa anatazama magunia, si mtoto. Kisha akainuka, akasema msalkheri, akaenda zake.

Nami binti mfalme wangu nilikuwa nimemwacha juu kabisa ya mti ambao haupo. Watoto wakanisumbua atashukaje, nikawaambia wachambue.

Nilidhani baba mapacha amekasirika, maana siku ya pili gunia lake lililetwa na mwenziwe. Kumbe lililomkaa rohoni ni mkarafuu wa babu yake. Ijumaa baada ya sala alimngoja mwalimu nje ya msikiti akamuuliza. Hayo alitueleza mwenyewe jioni, amekaa pale pale ngazini.

"Mwalimu kasema ndivyo," akamwambia bibi. "Zimeletwa. Wa babu yangu pengine ni katika ile ya mwanzo mwanzo kupandwa huku, lakini umeletwa."

"Basi ni mti wa heshima," bibi akasema.

"Nimemwambia hivyo hivyo. Akacheka." Akajikuna ndevu. "Kaniuliza na habari za huyu. Kasema ni mtoto wa kuuliza. Nikamwambia hata nyumbani anauliza, mpaka tunakoma. Kasema asikose skuli."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini, bimkubwa? Mtoto wangu ana akili, nimeona kwa macho yangu, kanisahihisha mbele za watu na nimefurahi. Lakini wale ni wawili, na mama yao akimnyanyua mmoja anaanguka. Historia haibebi mtoto."

Dada wa mapacha alikuwa kwenye makonyo, ameinama, na sikio lake lote lilikuwa ngazini. Nikasikia sauti inasema, na ilikuwa yangu:

"Nileteeni mie wale wawili asubuhi. Nitawashika mpaka dada yao atoke skuli."

"Wewe?" baba mapacha akageuka. "Na cherehani?"

"Cherehani halilii. Nitashona alasiri."

"Huyu?" Binamu yangu alikuwa ameshaanza. "Huyu akiwaza mfalme wake anaunguza wali, mtampa watoto wawili?"

"Nyamaza wewe," bibi akasema. "Nipo hapa. Mmoja nitampakata, mmoja atambeba yeye. Tena akiwa na mtoto mgongoni hatawaza sana."

Baba mapacha hakusema ndiyo pale pale. Alisema atazungumza na mkewe. Asubuhi yake mama mapacha mwenyewe akaja, anatembea kwa kushika ukuta, akakaa kwenye mkeka wetu. Hakunishukuru. Alinifundisha. Huyu analia kwa njaa, huyu analia kwa usingizi. Huyu usimlaze kwa upande wa kushoto. Wakianza kulia pamoja, mshike aliyeanza mwisho, maana yule wa kwanza ameshajua kunyamaza. Akaniletea kanga mbili za kubebea, akataka nifunge mbele yake. Nilifunga vibaya. Akafungua, akafunga tena.

Karafuu zikaisha, majamvi yakakunjwa, skuli zikafunguliwa. Asubuhi ile dada wa mapacha alikuja na sare yake, ushungi mweupe, mkoba ubavuni, na ndugu zake wawili. Mmoja alichukuliwa na bibi, akalala. Wa pili nilimtia mgongoni mwangu, akaona si mgongo anaoujua, akaangua kilio kilichosikika msikitini. Dada mtu alifika kwenye mnazi wa njiani akasimama. Akageuka.

"Nenda!" nikamwambia. "Ukirudi hapa nitakuchapa."

Hakuna mtu aliyepata kuniogopa, lakini alikwenda.

Asubuhi hiyo sikuwaza lolote. Nilizunguka nyumba, nikaimba kila nilichokijua, nikaonyesha kuku, nikaonyesha mbuzi. Alipolala nilibaki nimesimama, maana kila nikikaa alikuwa anaamka. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua kama pana mgongo. Bibi alikuwa ananicheka kutoka kwenye mkeka na wake amelala kama mfalme.

Mchana dada mtu akarudi, mbio, vumbi mpaka magotini. Nikamuuliza kama mwalimu amefika kwenye wale wafalme wa zamani.

"Leo hesabu tu," akasema. "Historia Alhamisi." Akaweka mkoba, akageuza mgongo, akanipokea mmoja, yule mzito.