Je, Kampala Kuna Mkonge?

Mdogo wangu aliitwa na vyuo viwili kwa mpigo, na nyumba yetu ikawa haina kutulia. Chuo kimoja kilikuwa Kampala, cha pili Uingereza. Enzi ile ya Mwingereza, kijana wa Njombe aliyemaliza darasa la kumi na mbili alitazamwa njiani kama gari jipya, na majirani walidhani sisi tunashangilia. Hatukushangilia. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha, naye alikuwa hakai. Akianza kupasua kuni anaacha, anakwenda mpaka barabarani, anarudi, anashika shoka tena.

Mama alikuwa ameshaamua. Ulaya.

Hakutaka Ulaya kwa ajili ya sifa. Baba yetu alikwenda Tanga kukata mkonge, akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kama wanaume wengi wa kwetu, na homa ikamuua huko. Jirani aliyekuwa naye ndiye aliyetuletea blanketi lake na habari. Alisema asubuhi wote walikwenda shambani wakamwacha baba kambini na homa yake. Waliporudi walimkuta amekwisha kufa, na kopo lake la maji limekauka kando ya kitanda. Huku kwetu juu homa ya namna ile tuliisikia tu kwa waliorudi. Kwa mama, homa na mkonge vilikuwa kitu kimoja. Penye mkonge watu wanakufa, pasipo mkonge wanaishi. Mchungaji alijaribu kumtoa hapo akashindwa.

Mdogo wangu alitaka Kampala. Alisema akienda Ulaya hatarudi mpaka amalize, ila Kampala atakuja likizo kubwa, atatusaidia kulima. Mimi pia nilitaka Kampala, sifichi. Nyumba haikuwa na mwanamume mwingine, na posa yangu ilikuwa imesimama, inangoja yeye aketi mahali pa baba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako naye alisema atakuja kulima," akamwambia.

Akaanza kumwandaa kwa Ulaya. Alikuwa amesikia huko ni baridi, na baridi aliijua. Asubuhi moja ya Juni alimpeleka vinyunguni, kwenye bustani zetu za bondeni, akamwambia avue viatu asimame juu ya umande ulioganda kama chumvi. Mimi nilikuwa nachuma mboga kando yao. Yule msomi wetu alisimama huku midomo ikibadilika rangi, mama akimzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ulaya anaweza," akaniambia mimi, si yeye. Ndipo akamruhusu kuvaa.

Jioni alimhoji juu ya maisha ya chuoni. Unalala wapi? Chumba cha watu wawili. Nani anapika? Wapishi, wanaume. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akauliza kama hao wanaume wanausonga ugali au wanauchezea. Lakini hata alipocheka, mguu wake ulikuwa unapigapiga sakafu.

Mimi nilichoka na mguu ule. Nilimwambia, mama, unakataa Kampala na hujamwuliza hata mtu mmoja aliyefika Kampala. Hakupenda kuambiwa. Ila kesho yake alikuwa wa kwanza kuoga, akasema twende Makambako, maana pale njia ya Iringa na ya Mbeya zinakutana, na watu wa kila nchi hushuka kunywa chai.

Tulipanda lori la magome ya miti ya miwati, sisi watatu juu ya mzigo. Tulipofika, mama alimfuata kila aliyeshuka garini. Umefika Kampala? Kuna mkonge? Wengine walidhani anauza kamba. Alikaa, akasimama, akakaa tena, mpaka akapatikana dereva mmoja Mngoni aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita na akapita Uganda. Wangoni ni watani wetu, kwa hiyo hakuanza na jibu.

"Ninyi Wabena mkishuka bondeni mnayeyuka kama mafuta ya nguruwe. Mkonge wa nini?"

"Babu yako alikuja kwetu kuiba ng'ombe, akarudi na kikohozi," mama akamjibu. "Mimi nimekuuliza mkonge."

Yule dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akasema Kampala hakuona mkonge hata mmoja. Ni migomba tu, kilima hadi kilima. Mama akauliza, migomba kama ya Tukuyu? Akasema kushinda Tukuyu. Sasa Tukuyu tuliijua. Ni nchi ya mvua na ubaridi, na watu wake wanazeeka. Mama akamgeukia mwanawe.

"Nenda Kampala."

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa amesoma, alijua mbu hamwulizi mtu analima nini. Aliangalia viatu vyake, akasema asante, mama. Jibu lilikwenda posta mara tuliporudi, kabla mama hajampata mwingine wa kumwuliza.

Aliondoka na sanduku la bati, blanketi, na sweta zito la sufu ambalo mama alimfumia. Tangu hapo basi likipiga honi barabarani, mama aliacha alichoshika. Nilimkuta mara nyingi amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Likizo kubwa ilipofika tulikwenda kumpokea Makambako. Aliposhuka, kola ya shati ilikuwa imeizidi shingo. Macho yake yalikuwa na umanjano. Mama hakumsalimu.

"Kuna mkonge," alisema.

"Hakuna, mama."

"Basi kuna homa."

Alisita, akakubali kwamba ipo, na kwamba ilimlaza muhula wa kwanza. Mimi nilijua kinachokuja. Mama angesema hurudi tena huko, na mwanawe asingemvunjia neno, na miaka yote ya shule ingeishia pale kwenye vumbi la magari. Mama alikaa juu ya sanduku la bati. Akasimama. Akakaa tena.

"Siku ulipozidiwa, nani alikupa maji?"

Akasema ni mwenzake wa chumbani, Mhaya wa Bukoba. Aliacha masomo akashinda naye mchana kutwa. "Kila nikifumbua macho, kikombe kimejaa."

"Kimejaa," mama akasema.

Akainuka, akashika sanduku upande mmoja. Njiani hakusema ameamua nini, nyumbani hakusema. Mdogo wangu aliketi mahali pa baba, posa yangu ikamalizwa, tukalima, naye alikuwa bado hajui kama atarudi chuoni au la. Alianza tena mchezo wake wa kupasua kuni na kuacha.

Siku za likizo zilipokaribia kwisha, mama alitoa sindano zake na sufu mpya.

"Huyo Mhaya ana kimo gani?"

Mdogo wangu aliinua mkono juu kidogo ya sikio lake. Nikaona anafungua mdomo kusema kwamba Kampala hakuna mtu anayevaa sweta la sufu. Nilimkanyaga mguu.

Mama aliupima ule mkono kwa macho, akaanza kufuma.